Mama, Mfungulie Mwanao Mwiko wa Matunda

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako Mama, Bi Somoe, Mchinga.

Shikamoo Mama. Shikamoo hii naitoa nimepiga magoti, ingawa hunioni, maana niliyo nayo leo hayasemeki kwa kusimama. Vipi magoti yako na baridi hii? Ile dawa ya majani ya mkwaju bado unajichua nayo? Na paa la jiko, je, shemeji alilimaliza kuliezeka au bado anatafuta makuti kwa mdomo?

Wifi Hadija, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii. Kama pana wageni barazani, ikunje kwanza. Waache wanywe kahawa yao waende zao, kisha umkalishe Mama ndani, umpe maji, ndipo uendelee. Na usome taratibu, wifi yangu. Usiruke neno kwa kumwonea huruma.

Mama, barua zote zilizopita zilikwambia hatujambo. Mwanao Selemani ndiye aliyenitaka niandike hivyo. "Mama ni mtu mzima," akasema, "usimtie wahka wa bure." Nami nikatii, nikawa naandika habari za mvua na bei ya mchele. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mie kifo sasa nakiona kimekaa nasi sebuleni. Naogopa, Mama. Nalala na hofu, naamka nayo, na leo nimeona bora nikugawie.

Selemani alianguka kazini. Kama ujuavyo, anafua mashuka ya hospitali. Asubuhi hiyo alikuwa akiyatoa kwenye pipa la maji ya moto apeleke kwenye kamba. Wenzake wanasema alisimama ghafla, akashika kifua, kisha akaketi juu ya lundo la mashuka majimaji kama mtu aliyekumbuka jambo. Jasho likamtiririka, na kipupwe hiki ambacho sote tunajifunika mablanketi. Wakavuka ua kumwita daktari. Mie nilikuja kuitwa na mtu wa baiskeli, na njia nzima kutoka Temeke nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, nikizichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile.

Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, anazungumza. Daktari ni Mzungu wa makamo, Kiswahili chake amekiokota kwa wagonjwa lakini anaeleweka. Wala hakushughulika na kifua peke yake. Aliinama akamtazama Selemani machoni, akazigusa zile punje za manjano zilizoko kwenye kope zake, karibu na pua.

"Hizi zilianza lini?"

"Za kwetu hizo," Selemani akajibu, tena kwa fahari kidogo. "Baba naye alikuwa nazo."

"Baba yuko wapi?"

"Amekufa."

"Alikuwa mzee?"

"Hapana. Alikuwa kama mie hivi."

"Alikufa namna gani?"

Selemani akamweleza ulivyotueleza wewe: kwamba marehemu alitoka kuswali, akasema kifua kinambana, akaegemea nguzo ya baraza na hakuinuka tena. Daktari akamshika mkono, akahesabu mapigo. Mama, mie sikupenda alivyomtazama. Najua nyumbani mnasema lilikuwa jicho la watu, nami sibishani na hilo, hamkukosa sababu ya kusema. Nakupa tu alivyosema huyu.

Alisema ndani ya damu ya kila mtu mna mafuta, jina lake kolesteroli. Alilirudia mpaka nikalishika. Yakiwa kiasi hayana neno. Yakizidi huganda kwenye kuta za mishipa kama masizi kwenye sufuria, njia ya damu ikawa nyembamba, na siku moja moyo unakosa wa kuulisha. Watu wengine huzaliwa na tabia hiyo, baba humpa mwana. Na zile punje za machoni ni mafuta hayohayo, yamekosa pa kukaa yakajitokeza nje. Mama, zile punje ambazo ukoo mzima tuliziita punje za riziki. Siku ya posa yangu shangazi yangu alinifinya akaniambia, mtazame machoni, huyu hatalala njaa. Leo nikizitazama mwili unanisisimka.

Wakamtoa damu wakaipima. Mafuta yamezidi sana. Daktari akasema aache nyama ya mafuta, aache kukaanga, na kila siku ale matunda: machungwa, mapera, mapapai, mananasi. Mie kuuliza sioni haya. Nikamwambia, daktari, kwetu tunda ni la watoto na la kumpelekea mgonjwa, linafanya nini kwenye damu ya mtu mzima?

Akacheka kidogo. "Mume wako ni dobi, basi nisikilizeni. Tunda si sabuni. Halifui damu. Lakini mtu akishiba matunda, mafuta anakula kidogo. Na wenzangu wengine wanasema ndani ya mapera na machungwa mna kitu, kile kinachofanya jamu kuganda. Kitu hicho kinashika mafuta tumboni na kutoka nayo kabla hayajaingia kwenye damu. Wengine wanabisha. Mimi nasema tujaribu, kwa sababu dawa nyingine nzuri sina."

Mama, sijui kwa nini daktari kukiri kwamba hana dawa kulinitisha kuliko yote aliyoyasema. Nimezoea daktari anayejua.

Basi tukarudi nyumbani, na njiani tukapita Keko. Hapo Selemani akasema, "Matunda, Zainabu. Katika vyakula vyote vya dunia, matunda." Nami nikajua anafikiri nini, kwa kuwa mwiko wake nimeusikia kwa kinywa chako mwenyewe, wiki ile uliponipokea nikiwa mwari wa harusi, ukanikalisha jikoni ukaniambia hiki ndicho cha kwanza cha kujua juu ya mume wangu. Kwamba utotoni alikula maembe mabichi na nanasi katikati ya masika, baridi ikamwingia tumboni na kifuani, akatetemeka mpaka bei ya sanda ikaulizwa. Kwamba mganga, Fundi Mchopa, Mungu amrehemu, alimrudisha kwa mwiko: tangu siku ile tunda lisipite kinywani mwa Selemani ila liwe limepita motoni na kuogelea katika nazi ya mnazi wa kitovu chake, ule mlioupanda juu ya kitovu chake nyuma ya jiko. Tunda lina baridi, nazi ya mnazi wake itamkinga. Na tangu hapo hujakosa kutuletea nazi zake na mafuta yake kwa malori ya Lindi, hata mwaka ule ulioumwa.

Mwanao hajawahi kuuvunja. Nimemwona harusini, watu wanagawana nanasi, yeye anapitisha sahani kwa jirani huku anaongea kama mtu asiyeiona. Wenzake kazini humtania eti anaogopa machungwa. Hacheki, wala hajitetei.

Basi nikasema moyoni, Mungu si Athumani, njia ipo. Daktari anataka matunda, Mama anataka moto na nazi. Nitawatii wote wawili. Kuna mama mmoja huja kwa miguu kutoka Mbagala na kapu la matunda kichwani, anaitwa Bi Mwanaisha. Nikawa mteja wake wa kila siku mpaka akanitania.

"We dada, mumeo popo?"

"Mgonjwa."

"Uwii, pole. Basi nitakuwekea yaliyoiva, hayo ya chini ya kapu ni ya kuuzia Wahindi wenye haraka."

Nikapika, Mama, kama ulivyonifundisha. Papai kwa tui zito na tangawizi. Mapera kwa tui. Nanasi nikalikaanga kwa mafuta yako mpaka likawa jekundu. Machungwa nayo nikayatia kwenye tui, likakatika likawa kama maziwa yaliyochacha, akala hivyohivyo akiwa amefumba macho. Kila siku, asubuhi na jioni. Vikapu viwili vya nazi ulivyoleta vikaisha upesi, nikashukuru kwamba lori lilikuwa limeleta na debe la mafuta. Nilikuwa na furaha, nakwambia kweli. Nilijiona nimepata akili ambayo hata daktari hakuwa nayo.

Selemani akaenda kupimwa tena. Mafuta hayakupungua. Yameongezeka.

Daktari akamwambia mbele ya watu, "Selemani, wewe unanidanganya. Hukula matunda." Mwanao, Mama, ambaye hajaitwa mwongo hata na mdai wake. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu miguuni. Nilimwuliza nini, akasema, "Nimekula machungwa yaliyokatika kama matapishi, na nimeitwa mwongo." Kifua kikambana jioni hiyohiyo, nikamkanda huku naomba asiniachie mtoto wetu Tunu peke yangu.

Kesho yake nikafunga kanga nikaenda mwenyewe kwa daktari. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinifaa kwa kuwa iliizuia hofu isinitoe machozi. Nikamwambia mume wangu si mwongo, matunda napika mimi.

"Unapika?" akauliza. "Unapika matunda namna gani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye tui akaweka kalamu chini. Nilipofika kwenye nanasi la kukaanga akajishika paji la uso. Hakunicheka, Mama, nataka ulijue hilo. Alisema pole pole kwamba mafuta ya nazi si kama ya ufuta au ya karanga. Ni mafuta yanayoganda, na yanayoganda ndiyo wanayoyashuku sasa kwamba yanaongeza yale ya kwenye damu. Kwa mtu mwingine pengine tui la kiasi halina neno. Kwa mtu mwenye damu ya Selemani, tunda moja linatoa mafuta kidogo, na bakuli la tui linaleta mengi. "Nilimwambia ale matunda," akasema, "na sikuuliza yanapikwaje. Kosa hilo ni langu."

"Basi tufanyeje?"

"Ale tunda kama lilivyotoka mtini. Au hiyo nazi, huwezi kupunguza?"

"Mwiko haupunguzwi, daktari. Unafunguliwa au unabaki."

Akafikiri. "Nani anaweza kufungua?"

"Aliyemfunga, na amekufa. Au aliyemzaa."

"Basi mwandikie aliyemzaa," akasema. Wala hakusema kama mtu anayebeza.

Niliporudi nyumbani niliichukua ile chupa ninayotilia mafuta yako. Ilikuwa dirishani, na baridi ya asubuhi ilikuwa imeyagandisha yakawa meupe pe. Nikaipindua, hayakushuka. Kila mwaka nayaona hivyo, naanika chupa juani naendelea na shughuli zangu. Siku hiyo nilikaa nayo mapajani sijui muda gani. Nilikuwa nafikiri mikono yako, unavyokuna nazi zile, unavyokesha na moto wa kuni mpaka mafuta yapande juu. Hakuna mafuta yaliyopikwa kwa mapenzi kuliko haya. Mama, nisamehe neno nitakalolisema: hatuwezi kuendelea kumpa.

Sasa sikiliza tulipofikia. Nilimweleza Selemani yote. Ameacha nazi, kwa kuwa daktari amesema. Na matunda nayo ameacha, kwa kuwa wewe hujasema. Anakula ugali, mchicha wa kuchemsha na chumvi. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba. Nikamwambia wewe mwanamume mzima, una mtoto, utakufa kwa kuogopa chungwa?

"Siogopi chungwa," akasema. "Mama alikwisha kuniona maiti mara moja. Alipewa sharti, akalishika miaka yote hii, kila mwaka anakweza watu mnazi kwa ajili yangu. Nikilivunja bila yeye kujua nitakuwa nimemfanya nini?"

"Basi mwombe akufungue."

"Mwenye mwiko hajiombei. Unajua hivyo."

Najua hivyo. Na usidhani mimi nimekuwa mtu wa mjini nisiyejali. Siku moja nilikamua chungwa nikataka kulitia kwenye uji wake asijue. Nilisimama na kikombe mkononi, nikakiogopa. Mwiko ukivunjwa kwa hila humrudia aliyevunja na aliyevunjiwa, hayo nimeyasikia tangu mdogo. Nikampa mtoto akanywa. Sijui nimwogope nani zaidi, daktari na damu yake au Fundi Mchopa na kaburi lake. Wote wawili nawaamini, hiyo ndiyo taabu yangu. Walimwona mtu mmoja, mmoja akaona baridi, mwingine akaona mafuta, na kila mmoja alimwona anakufa.

Halafu kuna Tunu. Nilimpeleka kwa daktari, akamtazama macho, akasema bado, lakini aanze mapema kula matunda na tuwe tunamleta. Bado. Neno hilo limeniondolea usingizi. Kila nikimwosha uso asubuhi napapasa kope zake kwa kidole, naye anadhani namchezea, anacheka.

Basi Mama, mie mkazamwana wako Zainabu, niliyepewa jiko lako na siri za jiko lako, nakuomba kitu ambacho sina haki ya kukuomba. Nenda kwenye ule mnazi. Nenda na Hadija akushike mkono. Uambie kwamba umemlinda mtoto wetu vizuri, baridi ile imeisha, amekuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na sasa umpumzishe. Kama inatakiwa ubani, fukiza. Kama inatakiwa kuku, shemeji amchinje wake, nami nitamlipa kuku wa kwanza wa bandani mwangu. Wewe ndiye ujuaye maneno, mie siwezi kukufundisha. Nazi zake usizitupe, zileni wenyewe, au uza, au uwape majirani. Mnazi haukukosa. Wewe hukukosa. Mlimwokoa na kifo cha kwanza, na nasema hivyo mbele ya Mungu. Lakini hiki cha pili kimekuja kwa mlango mwingine.

Ukiona moyo wako umekataa, niambie vilevile, nijue. Nitakulaumu, siwezi kukuficha, lakini nitajua. Ninachokiogopa kuliko vyote ni kungoja.

Barua inachukua siku nyingi, na malori haya yakikwama Rufiji ndiyo basi. Kwa hiyo usijibu kwa barua. Mtume shemeji Lindi, posta, apige simu ya maandishi. Neno moja linatosha: ALE. Tutakuelewa.

Nisalimie shemeji mwezeka mapaa, mwambie nimesema kwa utani, asinune. Nisalimie mama yangu mzazi kule ng'ambo ya mto, lakini haya usimwambie mpaka yaishe, ana moyo mwepesi kama mimi. Msalimie bibi yetu mpika maandazi, na mwalimu wa chuo aliyenitia kalamu mkononi, maana bila yeye leo ningekuwa nalia tu. Wewe wifi Hadija, asante kwa kusoma mpaka hapa. Najua umelia. Mpe Mama maji tena.

Tunu anaomba dua ya bibi yake. Mie nakubusu mkono.

Mkazamwana wako mwenye hofu,
Zainabu

Mama, shikamoo. Ni mimi Selemani. Zainabu ameniachia nafasi hii ndogo nikutolee salamu. Yeye amekueleza, mimi sikuombi kitu. Nakwambia tu kwamba wiki hii nilimsimamisha yule mama wa Mbagala, nikanunua chungwa kwa mkono wangu, la kwanza tangu nizaliwe. Nimeliweka dirishani, pale ilipokuwa chupa yako. Nalinusa kila nikirudi kutoka kazini. Sijalimenya.